Ubao wa Tatu Mferejini

Watu waliozamisha maharage ya baba mkwe wangu walikuwa wanne. Majina yao sitayataja, kwa sababu wawili wameshakufa na mmoja ana wajukuu wanaonisalimia vizuri njiani. Lakini kazi zao nitazitaja, na wanaowajua watawajua. Wa kwanza ni fundi baiskeli wa kambini. Wa pili ni mjomba wangu wa kuazima. Wa tatu ni baba mkwe mwenyewe, mwenye maharage. Wa nne ni mimi, ila mimi nilitumwa.

Niliingia Lukole, kambi ya wakimbizi, nikiwa kijana, nina shati moja na masomo ya darasa la tatu. Kule kwetu ng'ambo ya mpaka walibaki baba yangu na kaka zangu wawili, chini ya udongo. Waliowaua walikuwa wageni, hawakuijua nyumba yetu. Aliyewaonyesha mlango ni fundi viti, jirani yetu, ambaye kiti alichokitengeneza ndicho baba alichokuwa amekalia jioni ile. Tulipokusanyika kambini, wazee wa kwetu waliuliza: nani alionyesha mlango? Kila mtu akatazama miguu yake. Na mimi nikatazama yangu. Nilijua, nikanyamaza. Tangu hapo nikianza kutaja watu siachi, hata kwa makosa madogo kama haya ya maharage. Mke wangu anasema nimezidi. Nimezidi, sawa.

Kambini tulipewa mahindi, maharage na mafuta, na tuliambiwa tusiende mbali. Lakini mtu mwenye mikono hawezi kukaa chini ya turubai kutwa akihesabu matundu. Ukipata kibali, au ukikosa na ukajua njia ya porini, ulikwenda kulima vibarua kwa wenyeji. Mimi nilipata kibarua upande wa Nyakisasa, kwa mzee mmoja wa pale pale, baba wa familia, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili na wa kugomba siku sita zilizobaki. Shamba lake lilikuwa bondeni, kando ya mfereji.

Mfereji ule wenyeji waliuchimba wenyewe kwa majembe. Ulitoa maji kwenye kijito, ukayapitisha chini ya kilima, ukayagawa kwenye vitunguu na maharage ya watu. Mahali pamoja, karibu na mpaka wa shamba la mzee, ardhi ilishuka ghafla, na maji yakaanguka juu ya mawe. Usifikirie maporomoko. Yalianguka kutoka kimo cha goti langu na shubiri moja juu yake. Chura angeruka bila kuumia. Hapo ndipo nilipokuwa nakaa saa ya chakula, na hapo ndipo binti wa mzee alikuwa anakuja kuosha sufuria.

Siku ya kwanza nilimsalimia kwa Kiswahili changu cha kambini. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe unaongea Kiswahili kama mtu anayepanda mlima na mzigo."

Nikamwambia, "Basi nipokee mzigo."

Akacheka. Sufuria ile aliiosha mara tatu, na ilikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Sasa, mzee alikuwa na redio. Redio ile aliiheshimu kuliko shemeji zake. Ilitumia mawe manne, haya mawe ya tochi, na mawe yakiisha ilikuwa msiba. Aliyaanika juu ya bati yapate jua, aliyaminya, aliyabadilisha nafasi kama anapanga watoto wanaogombana kitandani. Yakikataa kabisa, aliifunika redio kwa kitambaa cheupe akakaa mbele yake kimya. Nyumba nzima ilikula kwa kunong'ona.

Nilipoona sufuria zinaoshwa mara tatu kila siku, nilikwenda kwa mzee. Nilikosea, najua. Mtu haendi mwenyewe, hutuma wakubwa. Lakini wakubwa wangu nimeshasema walipo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umemaliza mistari ile?"

"Nimemaliza. Nimekuja kwa jambo la binti yako."

Aliweka jembe chini. "Huna shamba," akasema. "Huna ng'ombe. Huna hata baba wa kuja kunitukana nikikataa. Una nini?"

Nilitazama huku na huku kama mtu aliyeangusha kitu. Nikaona maji yanaanguka. Fundi baiskeli wa kambini nilikuwa nimemwona mara nyingi akigeuza baiskeli miguu juu, anazungusha gurudumu kwa mkono, dainamo inasugua tairi na taa inawaka mchana kweupe. Nikawaza, maji yale yana mkono.

"Naweza kuifanya redio yako iongee bila mawe," nikasema.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akamwita mkewe aje asikie. Kisha akasema mbele yake, "Ukiweza hilo, lete wakubwa wako, tutazungumza. Usipoweza, utamaliza msimu wako ukilima kwa watu wengine." Ndiyo hivyo. Redio ikiongea, nazungumziwa mke. Isipoongea, hata sufuria sitaziona tena.

Nilikwenda kwa fundi baiskeli. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache na vidole vingi, namaanisha kila ulichokiweka karibu naye kilikuwa kinapungua. Tulichukua ringi mbili za baiskeli zilizokufa. Katikati yake tukafunga makopo ya mafuta ya msaada yaliyopasuliwa nusu, yakawa kama vibakuli vya kupokea maji. Mhimili ulikuwa mti wa mkaratusi, tukaulaza juu ya panda mbili na kuupaka mafuta ya ng'ombe. Ringi moja tukaivisha tairi, na dainamo tukaiegemeza pale. Umeme wa dainamo huenda mbele ukarudi nyuma kama mlevi, na redio haiupendi, kwa hiyo fundi aling'oa kidude kutoka redio mbovu ili umeme uende upande mmoja. Hapo nampa haki yake. Kidude kile alikijua.

Mwenyekiti wa mfereji alikuja kuona. Alizunguka gurudumu mara mbili mikono nyuma.

"Linakunywa maji?" akauliza.

"Halinywi, mzee. Yanapita tu."

"Yapite kama yalivyokuwa yanapita," akasema. "Usiyazuie." Maneno hayo aliniambia mimi, na nilimwitikia, ndiyo maana simweki kwenye orodha ya wakosaji.

Niliweka ubao mmoja kwenye ukingo pale maji yanapoanguka, ili yaruke moja kwa moja ndani ya makopo. Gurudumu likasita, likafikiri, likaanza kuzunguka. Tulileta redio pale mferejini. Ikanguruma kama nyuki ndani ya kibuyu, halafu mtu ndani yake akaanza kueleza habari za pamba. Sikulima pamba maisha yangu yote, lakini siku ile niliipenda. Binti alisimama na sufuria kichwani akasikiliza pamba mpaka mama yake akamwita mara mbili.

Mzee alisikiliza amekunja mikono. Nikangoja aseme. Akasema, "Redio yangu haiwezi kuhamia mferejini kama chura. Iongee nyumbani, juu ya meza yake, ndugu zangu wakiwepo. Hapo ndipo nitasema imeongea."

Kutoka mferejini mpaka nyumbani kulikuwa na hatua tisini. Nilizihesabu kwa miguu yangu, kwenda na kurudi. Tulihitaji waya. Nilitoa blanketi langu nikapata waya wa shaba kutoka kwenye mota ya lori lililokufa, mzigo mzuri mwekundu. Nikamkabidhi fundi autandaze, kwa sababu mimi nilikuwa na kazi nyingine: kutafuta ukoo.

Pale kambini watu wengi hatukuwa na wakubwa wa kutuposea. Kwa hiyo tuliazima. Hakuna aliyeona ajabu. Mtu anaazima koti la harusi, kwa nini asiazime mjomba? Wangu alikuwa mzee mrefu, mwenye koti lake mwenyewe na sauti ya kwaya. Alitafutwa sana. Kabla yangu alikuwa ameshaposea vijana sita. Nilimwelezea ukoo wetu siku mbili: kilima chetu, jina la ng'ombe wa baba, jinsi babu alivyopotea sokoni. Akawa anaitikia amefumba macho.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," akaniambia. "Ukoo wako umeshaingia kichwani."

Siku ikafika. Tulifika kwa mzee jua likiwa limepanda. Ndugu zake watatu walikuwa wamekaa kwenye mkeka, na mtungi wa pombe ya ndizi katikati na mirija yake. Redio ilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe, na waya umeingia dirishani. Fundi alibaki mferejini kulinda gurudumu. Binti alikuwa jikoni, kwa sababu siku ya maneno yake msichana haonekani.

Mjomba wangu alisimama akasema vizuri sana. Tatizo ni kwamba alisema ukoo wa kijana aliyetangulia. Alinihamisha kutoka kilima changu akanipeleka mkoa mwingine, akanipa babu mvuvi. Mimi nilikaa pale nikimsikiliza babu yangu akivua samaki. Ndugu mdogo wa mzee akaniuliza, "Kwa hiyo ninyi ni wavuvi?" Nikasema, "Kidogo."

Kisha mzee akainuka, akainama mbele ya redio, akaiwasha.

Ikaongea. Lakini iliongea kama mtu aliye chini ya blanketi, tena blanketi nzito. Ndugu wakainamisha vichwa. Mmoja akasema anasikia, mwingine akasema huyo ni nzi.

"Ongeza," akasema mzee.

Nikakimbia hatua tisini. Fundi alikuwa amekaa kwenye kivuli. Nikamwambia sauti ni ndogo. Akasema, "Weka ubao wa pili. Maji yakipanda, nguvu inapanda." Nikauweka juu ya ule wa kwanza, nikakimbia kurudi. Redio ilikuwa imetoka chini ya blanketi, sasa iko chini ya shuka.

Mjomba akaacha mrija akasema, "Ongeza, mwanangu, wakwe zetu wasikie. Kwetu hatufanyi mambo nusu." Sijui kwetu kupi.

Na mzee naye, sikio lake karibu liingie ndani ya redio: "Ongeza kidogo tu. Anasoma hali ya hewa."

Nikakimbia tena. Hapo nilisimama mbele ya mfereji na ubao wa tatu mkononi, na naapa, kuna kitu ndani yangu kilichokumbuka maneno ya mwenyekiti. Nilimwangalia fundi. Akasema, "Kimo ndiyo nguvu. Weka." Kutoka nyumbani nikasikia sauti ya mzee inaita, "Ongeza bwana." Nikauweka. Maji yakapanda nyuma ya mbao kama maziwa yanayochemka, halafu yakaanguka ndani ya makopo kwa hasira, na gurudumu likaanza kupiga kelele.

Niliporudi, redio ilikuwa inanguruma nyumba nzima. Mtu wa hali ya hewa alikuwa anatangazia mkoa wa Kagera mvua za wastani. Ndugu wa mzee walipiga makofi. Mama mkwe alipiga vigelegele mlangoni. Mzee alikaa chini polepole, akaniangalia kwa jicho ambalo hajawahi kuniangalia nalo, akanisukumia mrija. Kwa muda wa mtungi mmoja mimi nilikuwa mtu aliyekwisha kupata mke.

Mtungi haukuisha. Binti akasimama mlangoni. Hakutakiwa kuonekana, na alionekana mzima, miguu tope tupu mpaka magotini. Alikuwa ametumwa kuchuma majani ya maharage ya kupikia wageni.

"Baba," akasema, "maharage yanaogelea."

Tulikimbia wote, hata mjomba na koti lake. Nyuma ya mbao zangu tatu maji yalikuwa yamejaa mpaka ukingo na kurudi nyuma, na ukingo ule mafuko walikuwa wameutoboa kama chujio. Maji yaliingia kila tundu. Yalikuwa yametulia juu ya maharage, safi, yanang'aa, na maua meupe ya maharage yanachungulia kama watu waliosahaulika kwenye mto. Shamba lile lilikuwa na umbo la sahani. Tuling'oa mbao, mfereji ukashuka, lakini sahani ikabaki imejaa. Maharage yenye maua hayavumilii. Siku mbili ndani ya maji, yanakuwa ya njano, yanaoza.

Mzee alishuka ukingoni akasimama ndani ya maji. Halafu akauliza bila kupandisha sauti, "Nani alisema ongeza?"

Wote wakatazama miguu yao. Nakumbuka miguu yenyewe. Viatu vya mjomba vya kuazima kama yeye. Kandambili za fundi za tairi. Miguu ya ndugu watatu. Na ya mzee, iliyopasuka visigino, ndani ya maji yake mwenyewe. Mimi nilikuwa na kila sababu ya kuangalia yangu. Nikinyamaza, lawama ingekuja kwangu kimya kimya, ningeomba msamaha, na pengine binti ningepewa siku moja kwa huruma. Lakini nilikuwa nimeshanyamaza mara moja maishani.

"Wewe, baba," nikasema. "Umesema mara tatu. Mjomba amesema mara moja. Fundi mara mbili. Na mimi ndiye niliyeweka ubao, wakati mwenyekiti alikuwa amenikataza."

Mjomba alikuwa wa kwanza kurudi nyuma.

"Kijana huyu simjui," akasema. "Mimi nimeazimwa tu."

Sikuwahi kuona mtu akitoka kwenye ukoo haraka hivyo. Ndugu mdogo wa mzee akauliza, "Na babu mvuvi?" Mjomba akasema babu yule ni wa mtu mwingine. Akafunga vifungo vya koti, akaondoka kwa hatua za heshima. Pombe ya nusu mtungi alikuwa nayo tumboni.

Ndugu mdogo yule yule, ambaye baadaye nilimpenda sana, aliokota waya ulioanguka kwenye majani. Akausugua kwa kidole. Kidole kikatoka na kutu.

"Huu ni waya wa kufungia nyasi za paa," akasema. "Ni chuma. Hatua zote hizi, umeme umechoka njiani."

Kumbe kimo chetu kilitosha tangu ubao wa kwanza. Sauti ilikuwa inaliwa na waya. Nikamgeukia fundi, naye alikuwa anatazama mawingu. "Shaba haipendi umande," akasema. Wiki ile ile, sokoni kambini, nusu ya wasichana walikuwa na bangili mpya nyekundu mkononi. Nilipita katikati yao nikiangalia blanketi langu linavyong'aa.

Lakini siku ile mambo ya waya hayakunisaidia. Mzee aligeuka, akapanda nyumbani, nasi tukabaki pale tunatazamana. Nilijua kinachofuata ni kufukuzwa. Binti alikuwa amesimama upande wa pili wa maji, na hakuwa anacheka.

Mzee akarudi na majembe mawili. Moja akanipa.

"Aliyesema na aliyeweka watalima," akasema. "Tutoe maji, tuinue matuta, tupande upya. Hawa wengine waende."

Hakusema neno la posa. Sikuthubutu kuuliza. Tulichimba mtaro wa kutoa maji, yeye upande huu, mimi upande ule. Naandika ukweli: alipiga majembe kama kumi na mbili hivi, akashika kiuno, akasema mgongo. Mgongo huo ulimpata kila asubuhi kwa muda wote tuliolima, na kila jioni ulipona akaweza kukaa kwenye mtungi. Mimi nililima zamu yangu, nikalima na yake. Nililala ghalani kwake, kibali changu kilikwisha, nikawa naogopa njia na naogopa nyumba. Maharage ya kwanza yakaoza, yakanuka. Nikainua matuta mpaka magotini, nikaziba matundu ya mafuko moja moja kwa udongo wa kichuguu. Ubao nikarudisha mmoja tu, na mwenyekiti wa mfereji alikuja akaupima kwa kiganja chake, akaondoka bila kusema, ambayo kwake ilikuwa sifa.

Kila siku nilingoja mzee aseme. Akawa anaongea habari za mvua, za nguruwe wa jirani, za padri anayehubiri muda mrefu. Binti aliniwekea chakula kwenye ukingo akaenda bila kusimama, maana hakuna aliyejua mimi ni nani pale: kibarua, mkosaji, au mkwe.

Maharage mapya yalikuwa yametoa majani mawili mawili siku ile ninayoikumbuka. Nilikuwa napalilia tuta la mwisho. Mzee alikuwa ukingoni, amekaa, anashika kiuno chake. Ndugu yake mdogo alikuwa amemtembelea, wanaongea chini chini. Nikasikia ndugu anasema, "Sasa yule anangoja mpaka lini?"

Mzee akasema, "Alinitaja mbele yenu."

"Alikutaja kwa haki."

"Ndiyo. Hilo ndilo linaloniuma." Akang'oa jani akalitafuna. "Nikimkataa, kila atakayeniuliza nimemkataa kwa nini nitamwambia nini? Kwamba amesema kweli?" Kisha akainua sauti kwangu. "We. Utaleta mjomba mwingine. Yule anakunywa sana."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

"Na akuposee kwa kilima chako."

"Ndiyo, baba."

Akageukia nyumbani, akamwita binti yake kwa sauti ile anayoitia ng'ombe: "Mletee mumeo viazi, vinapoa."

Nilisikia vizuri. Sikuinuka. Nilipalilia mpaka mwisho wa tuta, polepole, kichwa chini, nikiogopa kwamba nikisimama mapema atajisahihisha.